Chaki ya Patron

Maman Noëlla alikufa Jumatatu asubuhi, na mwanawe Évariste hakujua amwombe nani mbao za sanduku. Kambi nzima haikujua. Ajabu, maana walikuwa wakiishi ndani ya siyeri, kiwanda cha kupasulia mbao, kule juu ya Mudaka.

Tuseme ukweli, kambi ile iliota kwa amri ya mzungu. Alileta mashine, akafyeka msitu, akawajengea watu nyumba za mbao, akaweka sirene ya kuwaambia saa ya kuamka na saa ya kula. Mfanyakazi akifiwa, Kampani ilimpa bure mbao za libuyu, mti mzuri kuliko yote. Lakini mzungu mwenyewe, patron, bosi wao, ndiye aliyeteremka kuzichagua na kuzitia alama kwa chaki nyekundu. Bila chaki, hata kipande cha kuwashia moto hakikupita mlangoni. Watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka chini ya sheria hiyo.

Halafu serikali ikasema mali ya wageni sasa ni ya Wazairwa, wananchi wenyewe. Haya! Mzungu akapanda gari, akaenda. Akaja citoyen mmoja, mwananchi kutoka mtaa wa Nyalukemba, suti ya abacost safi, akasema siyeri ni yake. Hajakaa vizuri, akaja mwingine, naye akasema ni yake. Wakashuka Bukavu kuamuliwa, wasirudi. Mashine zikanyamaza, mbao zikabaki zimepangwa mpaka kwenye paa, watu wakizitazama kama nyama ya jirani.

"Shemeki, niachie nitoke na mbao," Évariste alimwambia Barthélemy, zamu, yaani mlinzi wa mlangoni, aliyemwoa dada yake. "Maman iko analala juu ya mukeka."

"Chaki iko wapi?"

"Chaki ya nani? Patron iko wapi?"

"Sijue. Kuingia, ingia. Kutoka na mbao bila chaki, hapana." Barthélemy alikuwa analia; marehemu alikuwa mkwe wake. "Unazani niko na roho mubaya? Niambie basi ni nani wa kuniruhusu!"

Évariste akaingia, akasimama mbele ya mbao. Mbao hizi alizipasua mwenyewe, na bado mkono ulikataa kuzigusa. Akizichukua atakuwa mwizi wa nani? Hata hilo hakulijua. Lakini mama aliyewapikia wapasuaji maisha yake yote, azikwe kwa mkeka kama mtu asiye na kwao? Mungu wangu, hapana! Akaingia ofisini kwa patron, akaokota ile chaki nyekundu mezani, akachagua libuyu nzuri, akaitia alama.

Barthélemy alimwona, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mbao zilipofika mlangoni aliinama, akagusa ule wekundu, akavua kofia na kufungua mlango wazi kabisa.

"Merci, patron," akasema.

"Acha kunicheka, shemeki. Shika upande ule."

"Ndiyo, patron."

Hakuwa anacheka.

Walimzika maman siku iliyofuata, ndani ya libuyu, kwa nyimbo za kanisa. Évariste alilia mpaka moyo ukatulia kidogo. Aliporudi nyumbani alikuta watu wamejaa mbele ya mlango wake, kofia mikononi, akadhani wamekuja kumpa pole. Akatoka Papa Philémon, mzee aliyemfundisha kushika msumeno.

"Patron, nyumba yangu inavuja. Naomba mbao."

"Na kesho sirene italia saa ngapi, patron?" mwingine akauliza nyuma yake.

Évariste alicheka. Alicheka peke yake.

"Jamani, ni miye! Évariste! Mutoto wa Noëlla!"

"Ndiyo, patron," wakaitika wote.

Hofu ikamshika, hofu ambayo hata kifo hakikumpa. Akamtafuta kwa macho dada yake Martine, mke wa Barthélemy, ambaye walikula naye sahani moja tangu utoto, awaambie watu hawa ukweli. Martine alikuwa amesimama pembeni, bado na kitambaa cha matanga kichwani. Alipoona kaka yake anamtazama, akapiga magoti.