Nyuki wa Nyumba ya Domenja

Otxoa alipanda mlima kwenda kwa Domenja akiwa na uongo aliopewa na nahodha. Wenyewe ulikuwa mfupi: Martiko, mume wa Domenja, amechukuliwa na wimbi karibu na Ayalandi. Mabaharia wote waliapa kwa msalaba kwamba watasema hivyo hivyo. Ati Ayalandi! Mwaka ule Ayalandi hawakuiona hata kwa mbali.

Walikuwa wamekwenda magharibi, kupita mwisho wa ramani zote, kwenye nchi ya ukungu na misonobari ambako chewa ni wengi mpaka unawachota kwa kikapu. Wavuvi Wabaski wa kijiji cha Otxoa waliijua nchi hiyo, wakanyamaza kimya. Ukimwonyesha Mwingereza penye samaki, mwakani unakuta nyavu zake. Kama siku moja wakubwa wenye mihuri wangekuja kudai wameigundua, shauri yao. Kijijini, aliyeulizwa samaki wametoka wapi alijibu, "Baharini," akaenda zake.

Basi asubuhi moja Martiko yuko peke yake ufukweni anageuza ng'onda, samaki waliokuwa wakikaushwa, wenzake wote wako chomboni, mara tanga la kigeni likatokeza nyuma ya rasi. Nahodha Garzia akaamuru wang'oe nanga wasije wakaonekana. "Tutamrudia," alisema. Upepo ukageuka, na wala hawakurudi. Aliyeshika usukani alikuwa Otxoa, rafiki wa Martiko tangu utotoni.

Alimkuta Domenja anapepeta maharage, akausema uongo wote kwa pumzi moja. Domenja alikaa chini palepale akalia, na Otxoa akasimama pale akijichukia.

"Nyuki," Domenja alisema baadaye, akijifuta uso. "Hawajaambiwa."

Mwenye nyumba akifa, lazima nyuki waambiwe. Wao ndio wanaotoa nta ya mshumaa wake, ule unaowashwa kanisani, ambako kila nyumba ina kiti chake. Na nyuki hawadanganywi. Ukiwadanganya wanahama, na nyumba inabaki gizani. Hilo hata mlevi wa kijiji alilijua.

"Mimi sauti haitoki," Domenja alisema. "Waambie wewe, shemeji. Wewe ndiye uliyemwona akienda."

Wakaenda nyuma ya nyumba. Otxoa akaugonga mzinga wa kwanza kwa vidole.

"Nyuki wadogo," alianza. "Bwana wenu..."

Ndani walikuwa wakivuma taratibu.

"Sema basi! Au umesahau jina lake, nyie mliokuwa mnamaliza pipa zima la mvinyo wa matofaa pamoja?"

"Bwana wenu..." Akauondoa mkono mzingani. "Siwezi, shemeji."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kuwaambia hivyo."

Domenja alimkazia macho mpaka Otxoa akatazama chini.

"Lo! Kwangu umesema bila hata kumeza mate," alisema polepole. "Mimi mtu mzima unanidanganya, wadudu ndio unawaogopa? Mume wangu yuko wapi, Otxoa?"

Hapo yote yakamtoka: ufukwe, tanga, amri, kiapo. Domenja hakulia tena. Hasira ilikuwa imemkausha machozi.

"Yuko hai?"

"Tulimwacha hai. Ana chumvi, samaki na shoka."

"Huko theluji inaanza lini?"

"Imeshaanza."

"Na mwakani mnarudi?"

"Garzia hataki. Anasema lile tanga limeshaharibu mahali pale. Tutavua kwingine."

"Ebo! Mtavua kwingine!" Domenja alimsukuma kifuani kwa mikono miwili. "Sikiliza wewe. Jumapili, padri akimaliza, utasimama mbele ya wake na mama wa mabaharia wote, useme ulivyosema hapa. Kila nyumba ina mtu kwenye chombo kile. Tuone Garzia atapata nani wa kumvutia tanga asipokwenda kumchukua."

"Nikivunja kiapo, hakuna chombo kitakachonichukua tena."

"Basi ulime."

Otxoa aliitikia kwa kichwa. Alijua atasema, na alijua pia kwamba hakuna atakayefika kule kabla barafu haijayeyuka. Kusema hakukumpunguzia kitu. Alitamani Domenja amzabe makofi, lakini alikuwa ameshamgeuzia mgongo.

"Aliwaona mkiondoka?" aliuliza bila kumtazama.

"Alituona."

"Akafanyaje?"

Otxoa alitaka kusema hakusikia kama aliita, kwamba upepo ulikuwa mkali. Uongo ulikuwa umemwishia.

"Alicheka," alisema. "Alisimama na ng'onda zake mkononi, anacheka, ananipungia mkono wa pili. Kila siku nilikuwa namtania, shemeji. Kila siku nilimwambia: we Martiko, usipofanya haraka tutakuacha."