Viraka vya Tangi la Nyamai

Nyamai alikuwa bingwa wa viraka, na viraka vyake vyote vilikuwa upande wa nje. Kila mwaka kabla ya mvua za Novemba alikoroga simiti kidogo kwenye karai, akalizunguka tangi lake la mawe akitafuta nyufa, akapaka. Simiti iliyobaki aliifunga kwenye mfuko na kuirudisha ghalani. Mvua ikija, maji yalivisukuma viraka kutoka ndani, vikabanduka, na tangi likaanza kuvuja upya. Watu wa Zombe walimtania kwamba tangi lake limevaa suruali iliyorithiwa na watoto watano. Alicheka nao. Alijua vizuri, kama wote walivyojua, kwamba tangi huzibwa kwa ndani.

Hakuingia kwa sababu Kimeu alifia humo.

Kimeu alikuwa mtoto wake wa kwanza, wa miaka saba. Siku ile Nyamai alikuwa ameufunua mfuniko achungulie maji yamefika wapi, jirani akamwita wakamtoe ng'ombe aliyekwama korongoni, naye akaenda mbio. Aliporudi, watu walikuwa wamejaa uani. Baada ya mazishi hakuna aliyemuuliza nani aliuacha mfuniko kando, na hilo lilimuumiza kuliko lawama. Watu waliacha kumwita mkewe, Kasiva, kwa jina la Mama Kimeu. Wakahamia kwa mtoto wa pili, wakamwita Mama Mutanu, kwa huruma tu, na Kasiva akaitikia. Maji ya tangi yakawa ya mbuzi na ya kufulia. Ya kunywa Kasiva aliyafuata mtoni, akafukua mchanga mpaka yatoke, akayabeba mgongoni kwa kamba ya kichwani.

Mwaka huu mgongo wake ulikataa. Hospitali ilisema asibebe tena mtungi hata mmoja. Mutanu alikuwa ameolewa Mukuyuni, mbali, na punda hawakuwa naye. Kwa hiyo ilikuwa ama tangi litengenezwe wanywe maji yake, ama wahame boma walimozaa na kuzika. Kasiva hakumsukuma mumewe. Alikwenda tu kwa mwethya, kile kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu, akaomba zamu yao iletwe mbele.

Kikundi kilikuwa na sheria moja ambayo wageni huiona ya ajabu. Tangi likirekebishwa, mwenye boma ndiye anayeingia wa kwanza, na nyundo mkononi, aanze kubandua plasta ya zamani ndipo wengine wafuate. Sheria hiyo ilizaliwa siku bwana mmoja alipokaa kivulini wakati wenzake wakitoka jasho, kisha tangi lilipovuja akawatangaza kanisani kwamba walimharibia. Tangu hapo hakuna aliyesamehewa, hata mchungaji.

Jumamosi walifika asubuhi na makarai yao. Nyamai alijaribu kila kisingizio alichokuwa nacho. Goti lilimuuma, presha ilikuwa imepanda, mdomo wa tangi ulikuwa mdogo kwa mtu wa kitambi. Wakacheka, maana kitambi hakuwa nacho. Mumbua, mwenyekiti wa kikundi, hakucheka. Alimvuta kando na kumpa nyundo.

"Nyamai, sheria ni ile ile," alisema polepole. "Na usifikirie hatujui ni nini inakusumbua. Tunajua. Ndiyo maana tumekuja wote."

Nyamai akapanda ngazi. Alipoingiza miguu kwenye ule mdomo, ngazi ya ndani iligonga ukuta chini yake. Akateremka.

Alikuwa amejiandaa kukanyaga tope la miaka yote ile. Hakulikuta. Sakafu ilikuwa imefagiliwa na kusuguliwa kama jiko la mtu anayengoja wageni. Alipozoea ule mwanga mdogo aliona viraka ukutani, vingi, vingine vya zamani na vingine vya juzi, vidogo vidogo, vilivyopakwa kwa kiganja bila mwiko, juu ya plasta iliyochakaa isiyoweza kuvishika. Vidole vilionekana wazi kwenye simiti. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda. Nyamai aliujua mkono huo, alikula ugali wake kila siku.

Akaita jina la mkewe. Kasiva akateremka taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Ukiendanga soko na tangi imekauka, mimi nachukua ile simiti yako ilibaki, naingia. Ningewacha matope ilale mahali mtoto alilala?"

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza. Na mimi nilikuwa nataka mahali pa kukaa na yeye."

Nyamai alijiegemeza ukutani. Maneno aliyoyameza tangu siku ya ng'ombe yalimtoka yenyewe.

"Kasiva, ni mimi niliwacha mfuniko wazi."

"Najua," alisema Kasiva. "Nilijua siku hiyo hiyo. Anza kubandua, watu wanangoja."

Alilia. Alilia waziwazi, na tangi likaikuza sauti yake mpaka nje, na huko nje hakuna aliyejifanya hakusikia. Mumbua alianzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaudaka. Nyamai alipiga nyundo ya kwanza juu ya kiraka kimoja cha mkewe, kikaanguka miguuni pao, naye Kasiva akakiokota na kukitia kwenye ndoo ya kifusi. Kufikia jioni ukuta wote ulikuwa na plasta mpya.

Mvua zilichelewa kidogo, kisha zikaja kwa fujo. Nyamai aliyaacha maji ya kwanza yaoshe mabati, akayaelekeza ya pili tangini, akangoja yatulie. Ndipo akafungua bomba na kukinga kikombe. Ukuta wa nje ulikuwa mkavu kila upande. Alipiga mafunda mawili, akamshukuru Mungu, akampelekea mkewe kilichobaki.

"Mama Kimeu," alimwita. "Maji yako haya."

Jina hilo Kasiva hakuwa amelisikia miaka mingi. Aliitikia, akanywa yote.