Picha Zilizopigwa na Mume Wangu

Katika Bariadi nzima ya mwaka tisini na tano hapakuwa na mwanamke aliyenizidi kupiga picha. Hilo nalisema bila kupepesa jicho. Ila ukitaka ukweli wote, wanawake tuliokuwa na tamaa hiyo tulikuwa wawili tu, na mwenzangu, Benedikta, alikuwa nesi ambaye zamu hazikumpa nafasi hata ya kuchana nywele. Tena yeye alikuwa na kamera. Mimi nilikuwa na birika.

Birika hilo ndilo lililonipa kiti kibarazani kwa Ngeleja, fundi saa, kila Jumapili baada ya ibada. Mume wangu Mayala na wenzake watatu, Benedikta akiwemo kila zamu zilipomruhusu, walikutana hapo kuonyeshana picha. Soko lilikuwa limefunguliwa. Mikanda ya kamera, ambayo zamani uliipata kwa kujuana na mtu wa Mwanza, sasa ilipangwa dukani kati ya sabuni na mafuta ya kujipaka, na kamera za Kijapani zilizokwishatumika ziliteremshwa kwenye mabasi pamoja na mitumba ya makoti. Watu wengine walinunua redio. Mume wangu alinunua kamera, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda, akaniambia nisiiguse kwa mikono yenye unga.

Sikuigusa kwa mikono yenye unga. Nilinawa.

Lakini nisitangulie. Pale kibarazani palifungwa kamba kati ya nguzo mbili, na picha zikabanwa kwa vibanio nilivyovitoa kwenye kamba yangu ya nguo. Mwalimu Januarius, aliyestaafu shule ya msingi lakini hakustaafu kusahihisha, ndiye aliyeweka utaratibu. Mwenye picha anakaa kimya. Wengine wanasema kwanza jicho lao limetua wapi, kisha kasoro ni ipi, kisha wao wangefanyaje. Neno "nzuri" alilipiga marufuku.

"Nzuri ni jibu la mgeni aliyekaribishwa ugali," alisema. "Hapa hatukuja kula."

Mume wangu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mkarimu. Akishika kamera alibadilika akawa mkuu wa gereza. Aliwasimamisha watu ukutani, mikono ubavuni, hakuna kucheka, hakuna kupumua.

"Mayala," Mwalimu Januarius alimwuliza siku moja, miwani imemshukia puani, "hawa watu umewapiga picha, au umewakamata?"

Ngeleja alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi nilimwongezea nyingine, uso mkavu kama wa shemasi. Lakini Mayala aliporudi nyumbani hakula. Alikaa kitandani akiigeuzageuza ile kamera, na nikamwonea huruma. Huruma yangu, kwa bahati mbaya, haijawahi kutembea bila utundu.

Kesho yake, alipokwenda kazini, nilinawa mikono, nikaitungua kamera. Nje upepo ulikuwa umeivamia suruali yake kambani. Ilikuwa imejaa, miguu yote miwili imetanuka, inatembea kwa maringo hewani bila mtu ndani. Nikabonyeza. Nia yangu ilikuwa kumshtua tu. Mkanda utakapokwenda Mwanza kusafishwa na kurudi, katikati ya watu wake waliokamatwa aikute suruali yake mwenyewe ikikimbia. Ningecheka wiki nzima.

Bahasha ilirudi na utingo wa basi baada ya siku kumi. Mayala alizipitia picha moja moja. Alipoifikia ile alisimama. Akaitazama suruali, akanitazama mimi, akaitazama tena suruali. Nami nilikuwa nimekwishajaza mashavu kicheko.

"Hii," akasema taratibu, "niliipiga Jumanne."

Kicheko kikaniishia kooni. Nimeishi na wanaume wawili, baba yangu na huyu, na sijapata kuona uongo uliozaliwa ukiwa umevaa viatu namna ile.

Jumapili iliyofuata picha ya suruali ilibanwa kambani. Benedikta akasema jicho lake limetua kwenye goti la kushoto, lilivyojikunja kama la mtu anayeruka dimbwi. Ngeleja akasema hata yeye amesikia upepo. Mwalimu Januarius akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Leo Mayala umeona," akasema. "Kasoro ni hiyo nguzo ya pembeni. Inamzibia njia. Mtu anayetembea mpe mahali pa kwenda. Ningesogea hatua mbili kulia."

Mayala aliitikia kwa kichwa, mnyenyekevu kama mtawa. Mimi, nikiwa nimeshika birika, nilijikuta nasogea hatua mbili kulia.

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Darasa la saba la kupiga picha nililipata bure, na bakora zangu alipigwa mume wangu. Nilipompiga picha jirani kukatokea mti kichwani mwake kama pembe, aliyekemewa ni Mayala. Nilipolaza nyumba nzima upande, Mayala ndiye aliyeulizwa kama siku hiyo alikuwa amekunywa. Na mara ya pili, nilipokwishasahihisha, sifa zilipokuja, alizipokea yeye pia, na mimi niliongeza sukari kwenye kikombe chake ili asipate kiburi peke yake.

Nyumbani hatukulizungumza. Tuliishi hivyo miezi mitano. Alijua, na alijua kwamba najua anajua. Ila mkanda ulipokaribia kwisha, aliitundika kamera msumarini na kuuambia ukuta, "Zimebaki mbili." Kisha alitafuta kofia yake na kutoka, hata kama hakuwa na pa kwenda.

Nisikudanganye kwamba niliumia. Nilikuwa na raha ya mtu aliyeficha karanga mfukoni kanisani. Asubuhi nikipeta mchele niliona mambo ambayo miaka arobaini na minane yalikuwa yakipita mbele yangu bila kubisha hodi: mwanga unavyoingia kwanza kwenye ungo kabla ya kuingia nyumbani, mzee anavyoshusha bega moja anapomsikiliza mkewe. Vyote hivyo vilikuwa vyangu. Jina la nani liko nyuma ya picha, niliona, ni jambo la watu wenye muda.

Mpaka Juni, Mwalimu Januarius alipoleta habari. Kwenye maonyesho ya siku ya wakulima, banda la wilaya lingetundika picha moja kubwa ya mavuno, na kikundi chetu kiliombwa kuitoa. Itakuzwa Mwanza, ukubwa wa dirisha. Chini yake kutakuwa na kadi.

"Kadi ya nini?" niliuliza. Sikuwa na kawaida ya kuuliza.

"Ya jina, Mama Shukrani. Imepigwa na fulani, wa Bariadi."

Nilirudi kumimina chai. Lakini chai ya siku hiyo ilimwagika kwenye visahani vyote vinne. Jina langu liliandikwa mara ya mwisho na mtu mwingine kwenye cheti cha ndoa, na hata hapo padri alikosea herufi. Nikaliona juu ya kadi nyeupe: Milembe. Nikajiambia, mwanamke wewe, achana nalo. Nikajibu, siachani nalo.

Benedikta alinifuata jikoni kwa Ngeleja kunisaidia kuosha vikombe.

"Mayu," akasema kwa sauti ya chini, akiniita mama kwa Kisukuma, "picha za baba siku hizi zinaona vitu vya ajabu. Ungo. Kamba ya nguo. Mwanamume gani anakaa nyuma ya jiko asubuhi?"

"Mume wangu ni mtu wa nyumbani sana," nikasema.

"Na wewe hutamani kushika kamera?"

"Mwanangu, mikono yangu ina unga."

Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema amekunywa dawa zote.

Julai pamba ilianza kununuliwa. Mwaka huo wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa, na Mayala, aliyekuwa karani wa ushirika tangu ujana, alikuwa mpimaji wa mmoja wao, penseli sikioni kutwa. Siku moja nilimpelekea uji kituoni. Chini ya kibuyu, ndani ya kikapu, nililaza kamera. Ukuta ulikuwa umekwisha kuambiwa kwamba zimebaki mbili.

Foleni ilikuwa ndefu, na mizani ilining'inia bila mtu. Nyanjige, mkulima mwenye mdomo mkubwa kuliko shamba lake, alikuwa ameketi juu ya mzigo wake wa pamba, nyuzi nyeupe zimemjaa nywele na nyusi, akiwauliza watu mpimaji amekwenda wapi.

"Labda amekwenda kujipima mwenyewe!" akajibiwa.

Nyanjige akaangua kicheko, kichwa nyuma, viganja vyote viwili vimezama kwenye pamba. Jua la asubuhi lilikuwa upande wake. Mbele yake palikuwa na nafasi ya kutosha, hapakuwa na nguzo, hapakuwa na mti kichwani. Nikabonyeza, nikaficha, nikainamia uji. Nilimwona Nyanjige tu, na jambo hilo nimeliapia mara nyingi.

Picha ziliporudi, Mayala aliitazama hiyo kwa muda mrefu. Kila jicho lingetua kwa Nyanjige, na la kwake lilitua hapo na kubaki hapo.

"Hii," akasema, halafu akameza mate. Nilingoja. Nilimpa nafasi kubwa, hatua mbili kulia na mbili kushoto. "Hii niliipiga... kazini."

"Hongera, baba Shukrani," nikasema, nikaenda kulisha kuku waliokwisha kula.

Jumapili ya kuchagua, kambani hapakuwa na ubishi. Hata Ngeleja, aliyeleta picha yake ya trekta iliyompa shida kubwa, aliibandua mwenyewe. Mwalimu Januarius alitafuta kasoro kwa dakika nzima, akaikosa, akakasirika. Akatoa kadi nyeupe na kalamu ya wino. Kwa mwandiko ule uliofundisha nusu ya wilaya kusoma, akaandika: *Imepigwa na*. Akasimamisha kalamu.

"Utueleze, Mayala. Picha kama hii haijipigi. Ulifanyaje?"

Mume wangu alisimama. Hakunitazama. Naamini kwamba kama angekaa kimya ningemwachia kadi, kwa jinsi mabega yake yalivyomshuka.

"Kwanza," akasema, "nilimwambia Nyanjige acheke."

"Nyanjige haambiwi," Benedikta akasema.

"Nilimchekesha. Halafu nikapiga magoti mbele ya mizani. Nikangoja mwanga. Kama nusu saa hivi. Goti likaniuma. Watu wakanilalamikia, nikawaambia tulieni, hii ni kazi ya sanaa."

Alikuwa amenogewa. Aliinua mikono, akafumba jicho moja, akapiga goti kwenye sakafu ya Ngeleja kutuonyesha. Na Ngeleja, kwa mazoea ya mtu anayeshinda akitazama matumbo ya saa, alikuwa amebandika kioo chake cha kukuzia jichoni na kuisogelea picha mpaka pua ikaigusa.

"Mwalimu," akasema, "usiandike kwanza."

"Kuna nini?"

"Kuna ghala huku nyuma. Na pembeni mwa ghala kuna mtu amesimama. Anajisaidia haja ndogo."

"Kituo hakina choo," Mayala akasema haraka, bado goti chini. "Wakulima wanasumbua sana."

"Ametupa mgongo, lakini ameugeuza uso huku." Ngeleja akakisogeza kile kioo. "Ana penseli sikioni."

Benedikta alimpokonya kioo. Mwalimu Januarius akampokonya Benedikta. Kilipita mkono kwa mkono hadi kikamfikia mume wangu, naye akatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta pa kutokea.

"Ni mtu anayefanana nami," akasema.

"Na shati mmeshonewa pamoja?" Benedikta akauliza.

Hapo kibaraza kizima kililipuka. Ngeleja aliegemea nguzo akilia machozi. Mayala naye, Mungu ambariki, alianza kucheka kwanza kwa mabega, kisha kwa mwili mzima, akajiketisha sakafuni pale pale alipopigia goti. Mwalimu Januarius pekee hakucheka. Alikuwa amekigeuza kichwa chake polepole kutoka kwenye picha, kupita kwa mume wangu, mpaka kwangu.

"Jina lako kamili, Mama Shukrani?"

"Milembe," Mayala akajibu kabla sijafungua mdomo. "Milembe Luhaga. Na herufi zote uziandike, mwalimu. Padri aliruka moja."

Kalamu ikakwaruza kadi. Nikaliweka birika chini. Mwalimu alipomaliza alipuliza wino, akaniuliza kwa upole ambao sikuujua kwake:

"Kasoro ni hiyo moja tu, ya nyuma. Hukumwona mumeo ulipobonyeza?"

"Hata kidogo, mwalimu," nikasema. "Naapa. Nilimwona Nyanjige peke yake."

Mayala aliacha kucheka. Alikuwa bado na kioo jichoni, na picha ameishika karibu, akiutazama ule uso wake mdogo kama punje ya mtama uliogeuka kuangalia nyuma.

"Mama Shukrani," akasema, "mbona niligeuka kwa sababu uliniita?"