Bi Mwanabaraka Ataka Dripu

Bi Mwanabaraka alifikishwa kwenye zahanati moja ya Buguruni saa nne asubuhi, kabebwa msobemsobe na mwanawe, Suhaib. Pilau la harusi lililolala lilikuwa limemharisha mara tisa. Macho yamezama, midomo imekauka. Kauli tu ndiyo iliyobaki na afya njema.

"Zahanati yote hii hamna nesi mwingine?"

Hakuwepo. Alikuwepo Munira, mke wa Suhaib, ambaye kwa miaka sita Bi Mwanabaraka aliwaeleza majirani kuwa hajui hata kuchemsha maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niitie daktari."

Munira alimpima presha, akahesabu mapigo ya moyo, akaifinya ngozi ya tumbo. Ilirudi kwa uvivu. Akakoroga pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, akavuta kiti.

"Kidogo kidogo, mama."

"Hayo si ya watoto? Mie nataka dripu. Flaviana jirani yangu alitundikiwa mbili, zile za njano, na mafua tu!"

"Hongera zake. Wewe bado unameza, na presha haijashuka. Ukishindwa kunywa nitakutundikia."

"Maji ya chumvi! Kwani mie nguru?"

Munira alitaka kumwambia kuwa nguru hana maneno mengi. Akalimeza jibu, akanyanyua kijiko.

Cha tatu kilitapikwa, pengine kwa makusudi. Munira akafuta, akasubiri dakika kumi, akaanza upya polepole zaidi. Suhaib, simba wa mama yake, alikuwa nje "akipokea simu" tangu alipoona beseni.

Kufika adhuhuri matusi yalikatika. Hapo ndipo Munira alipoingiwa na hofu. Bi Mwanabaraka alimshika mkono.

"Munira, nakufa?"

Siku zote alimwita "huyo".

"Hufi, mama. Umekaukiwa tu. Kunywa."

Akanywa. Saa tisa akaomba kwenda haja ndogo, na Munira akaupokea ule mkojo kiduchu, wa rangi ya chai, kwa furaha ambayo hakuipata hata siku ya mahari yake.

Jioni, akiondoka kwa miguu yake, mgonjwa aliwatangazia wanawake wa kwenye benchi: "Nesi si mbaya. Ila kukoroga nilimwelekeza mie."

Munira aliingia stoo, akakalia boksi la glovu. Akalia kidogo, akanawa uso, akatoka kumwita anayefuata.