Siku Mbili Mbale za Nini?

Barua ilikuja kwa mkono wa konda wa basi la Bungoma, na Makokha aliujua mwandiko kabla hajaifungua. Nani mwingine duniani angeandika "Duka la Vipuri, Malukhu, Mbale" halafu apige mstari chini yake kwa rula? Ni kaka yake Wasike, mwalimu mkuu kule Chwele, upande wa Kenya. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi.

Barua haikuwa na salamu. Ilisema walimu saba wa chama cha baiskeli wangeingia Uganda likizo ya Agosti hiyo ya 1997, wapande kutoka Malaba hadi Jinja wakaone Nile inapoanzia. Walikuwa na siku nne, ya nne ikiwa ya kurudi kwa basi, na hakuna hata mmoja wao aliyeijua nchi. "Tunakuomba utupangie njia, malazi, chakula na maji," aliandika Wasike, "si kwa undugu, bali kwa kuwa ulikuwa dereva na barabara ndiyo kazi yako."

Kisa chao hakikuwa kirefu. Desemba 1987 mama yao alifariki, na Makokha alikuwa na trela la kahawa upande wa Uganda, mpaka umefungwa kwa sababu wakubwa wa nchi mbili walikuwa wanafokeana. Alikaa na lori lake siku tatu. Alipofika Chwele alikuta mama ameshazikwa. Akaanza kujieleza, mpaka ulifungwa, mpaka ulifungwa, na Wasike akamkata kauli mbele ya waombolezaji wote: "Mpaka ulifungiwa malori. Wenye miguu walivuka."

Na kweli walivuka. Akina mama wa ndizi walikuwa wakiukata mto wa mpakani kila asubuhi, nguo zimepandishwa magotini. Makokha aliwaona kwa macho yake, naye hakuthubutu kuacha mzigo wa watu. Siku ile alileta nyama ya kupikia waombolezaji, na Wasike hakuigusa. Tangu hapo hawakula pamoja tena. Makokha alihamia Mbale, akaoa, akaachana na usukani, akafungua duka.

Kwa hiyo msidhani alikuwa na haja na Nile. Alitaka jambo moja tu: Wasike aingie mlangoni kwake, anawe mikono, ale.

Akanunua daftari, akaupanga msafara. Kazi aliifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Aliandika kila mmoja aje na namba ya fremu ya baiskeli yake kwenye karatasi, wasije wakasumbuliwa mpakani wakati wa kurudi. Aliandika tyubu mbili kwa kila mtu, njiti za magurudumu za akiba, gundi ya viraka. Jinja wangelala Mafubira, kwa Orpah, Mkenya mwenzao aliyeuza mitumba. Lakini siku zenyewe alizipanga hivi: ya kwanza, Malaba hadi Mbale kupitia Tororo, walale ukumbi wa kanisa. Ya pili, kupumzika Mbale, chakula cha mchana kwa Makokha. Ya tatu, Mbale hadi Jinja. Na kwenye siku ya pili akaongeza sababu, ili isionekane vibaya: "Kutazama mlima Elgon."

Gorreti, mkewe, aliposoma hapo alicheka mpaka akashika ukuta. Gorreti alikuwa Mgisu, akiongea Kimasaba, Makokha akimjibu Kibukusu, na hawakuwahi kuhitaji mkalimani.

"Makokha we! Watu wa Chwele uwaonyeshe Elgon? Si wanaamka nao kila siku?"

"Wanauona kwa upande ule. Huku ni upande mwingine."

"Haya. Peleka."

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya siku nane, kwenda na kurudi. Konda alilileta daftari likiwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu kama la mtoto wa darasa la nne. Chini ya "Elgon": *Mlima tunao. Siku mbili Mbale za nini?* Na chini ya siku ya tatu: *Km 145 kwa siku moja. Umewahi kuipanda kwa baiskeli?*

Makokha alikasirika. Barabara ya Tirinyi, hiyo ya Mbale hadi Jinja, aliijua kama kiganja chake, ameiendesha mara ngapi? Ni saa mbili, ukikuta ng'ombe njiani saa mbili na nusu, hata gia hubadilishi sana. Alimwambia hayo Nasuru, fundi baiskeli wa jirani, akitegemea kuungwa mkono.

"Bwana," Nasuru akasema, "wewe ulikuwa unakalia injini. Hawa wanakalia matako yao." Akamsogezea baiskeli nyeusi yenye karia pana. "Chukua. Ukirudi mzima tutaongea."

Alitoka Jumamosi asubuhi, miaka arobaini na sita, kitambi mbele, koti la kaki la udereva mgongoni. Hadi Budaka alikuwa anapiga mluzi. Kufika mji wa Tirinyi mluzi ukaisha. Alipolivuka daraja la mto Mpologoma, jua lilikuwa la utosini, mafunjo pande zote mbili, kivuli hakuna, na maji yaliyokuwepo ni ya kinamasi tu. Huko ndani ya lori hakuwahi kujua kwamba hapo pana joto. Alishuka, akakaa kando ya lami, akatapika. Akamfikiria Wasike, mwenye miaka hamsini na tatu na kifua kilichokuwa kikimsumbua tangu utoto. Kwa mara ya kwanza alijionea aibu. Ili apate mlo mmoja na kaka yake, alikuwa amempangia kufa njiani.

Alijikokota hadi nyumba ya kwanza ya upande wa Busoga, akaomba maji kwa Kiswahili. Mama wa nyumba alilitazama koti la kaki, akaisikia lugha, akafunga mlango na komeo. Watu wa huko Kiswahili walikizoea kinywani mwa askari, na si kwa mema. Makokha akalivua koti, akapiga magoti nje, akasalimia tena kwa Kisoga chake cha kuokoteza. Mlango ukafunguliwa, akapewa maji na kiazi. Namutumba alifika jioni, na hapo miguu ikagoma. Kurudi Mbale alipanda taksi, kama wanavyoita matatu huko, baiskeli juu ya paa.

Siku mbili nzima hakufungua duka. Daftari lilikuwa mezani. Akiandika ukweli, walimu walale Namutumba katikati ya safari, siku zingejaa zote: Mbale wangefika jioni, wale ukumbini, waondoke asubuhi. Nafasi ya kula kwake Malukhu isingekuwepo. Na chama kile hakingekuja tena.

"Andika," Gorreti akamwambia. "Kaka yako akifia njiani hatakula kwako wala kwa mwingine."

Akaandika. Ya pili, Mbale hadi Namutumba, walale madarasa ya shule. Ya tatu, Namutumba hadi Jinja, wapumzike Bugembe. Ya nne, Jinja hadi Malaba kwa basi. Akaongeza: *Busoga salimuni Kisoga kwanza.* Na tena: *Daraja la Mpologoma, maji yatakuwepo.* Daftari lilirudi na alama moja nyekundu ya vema, basi.

Walimu walifika Mbale siku iliyopangwa. Makokha aliwapokea ukumbini, akawaonyesha mikeka na bafu. Wasike alikuwa na mvi nyingi. Alimpa mkono, akasema, "Asante, dereva," akaenda kuoga. Makokha alirudi nyumbani, akamkuta Gorreti amedeki sakafu hata hivyo.

Alfajiri alitoka na baiskeli ya Nasuru, madumu mawili matupu kwenye karia.

"Si upande taksi?" Gorreti akauliza.

Makokha akajifanya hajasikia. Tirinyi aliyajaza madumu kwenye kisima cha pampu, na kutoka hapo hadi darajani aliisukuma baiskeli kwa mkono kwa sababu hakuweza kuipanda na mzigo ule. Walimu wa kwanza walimkuta ameketi na kikombe cha bati. Walikunywa, wakajimwagia vichwani, wakasifu mpango. Wasike alifika wa mwisho, anakohoa, uso umempauka.

Alikunywa vikombe vitatu. Kisha akaangaza huku na huku barabarani.

"Gari lako umeliacha wapi?"

"Sina gari, Mwalimu."

"Umekujaje, na maji yote haya?"

"Kwa miguu," Makokha akasema, akaionyesha baiskeli iliyolala kwenye majani. Alitaka kuongeza jambo juu ya mwaka ule, juu ya lori na kahawa ya watu. Badala yake akaanza kulia, mtu mzima na kitambi chake, mbele ya walimu sita wasiojua wameona nini.

Wasike hakumbembeleza. Aliyatazama magoti yenye vumbi, viatu vilivyolowa.

"Daftari unalo?"

Makokha akalitoa kifuani. Wasike akachomoa kalamu nyekundu mfukoni, akaliweka daftari juu ya paja, akafuta siku ya nne, akaandika upya. Mstari aliopiga chini ulipinda. *Siku ya nne: Jinja hadi Malukhu. Chakula kwa Makokha.*

Akamrudishia, akapanda baiskeli yake.

"Mwambie shemeji chumvi asizidishe," alisema. "Siku hizi nina presha."