Chama cha Wanyoosha Migongo

Wanyoosha migongo wa Kibiti na Rufiji walipoamua kuanzisha chama, jambo moja liliwakwamisha. Wenzao wa delta ya mto Rufiji walikataa kuingia bila Abdulaziz, fundi wao mkuu, na Abdulaziz hakupokea simu ya mtu.

"Nenda wewe, Bi Mwantum," alisema mzee Kibwana, mwenyekiti wa muda. "Wewe atakusikiliza."

Watu wakainamisha nyuso. Mwantum, mkandaji wa Ikwiriri, alikuwa mke wa Abdulaziz zamani. Wote wawili walifundishwa kazi na baba yake Mwantum, na enzi zao walimhudumia mgonjwa pamoja, mmoja kashika mabega, mwingine nyonga, wakielewana bila kusema. Kisha wakaanza kubishana. Mwantum alishikilia kukanda taratibu kwa mafuta ya ufuta, Abdulaziz akataka kuvuta viungo kwa nguvu. Ubishi wa kazini ukahamia chumbani, ikaja talaka. Abdulaziz akahamia Mbwera, huko delta. Wanafunzi wao nao wakagawanyika, kila upande ukiuita mwingine wavunja watu.

Mwantum alipanda boti Nyamisati. Njia nzima, katikati ya mikoko, alijiambia kwamba anakwenda kwa ajili ya chama tu.

Hajira, mke wa sasa wa Abdulaziz, alimpokea vizuri, akamwandalia wali na kamba. Abdulaziz alitokea uani akifuta mikono. Ndevu zilikuwa zimejaa mvi.

"Karibu, Mama Hadija."

"Starehe, Baba Hadija." Hadija ni binti yao, kaolewa Utete.

Mwantum hakuzunguka. "Kuna mkulima wa Mahege alivutwa mgongo na mtu wenu, kisha akakandwa na mtu wetu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Miguu ikafa ganzi, akafikishwa hospitali kwa kuchelewa. Sasa anatembelea magongo."

"Unataka nikiri kwamba kuvuta ni makosa?"

"Sitaki ukiri kitu. Nataka tuwe tunaulizana."

Abdulaziz alimpa Hajira sahani ya mwisho aondoe. "Neno hilo," alisema polepole, "ungeniambia wakati ule."

"Na wewe pia," Mwantum alijibu.

Abdulaziz alikuja. Mkutano ulifanyika Kibiti, kwenye darasa la shule iliyokuwa likizo. Mwalimu Winifrida, aliyekuwa akiugua kiuno, alijitolea alale mkekani wajumbe waone. Mwantum akakanda misuli mpaka ikalegea, na Abdulaziz, bila kuambiwa, akaukunja mguu na kuuvuta palepale ambapo Mwantum angetaka uvutwe. Mikono yao haikugusana. Mwantum aliinamisha kichwa kama anayetazama kiuno cha mgonjwa, asionwe macho.

Baada ya hapo maneno hayakuwa mengi. Walikubaliana kila mgonjwa aulizwe kwanza nani amemshika, na huyo atafutwe. Mwenye ganzi miguuni apelekwe hospitali, asiguswe. Wavutaji na wakandaji wakainua mikono pamoja.

"Mkutano ujao tuufanyie wapi?" aliuliza Kibwana. "Hapahapa?"

"Mbwera," alisema Mwantum.

"Mbali kote huko?"

"Wenzetu wa delta wasiwe wao tu wa kusafiri."

Hakuna aliyepinga. Abdulaziz alikuwa mlangoni akivaa viatu. Aliposikia Mbwera alisita, mkono ukiwa kwenye fremu, akatoka kwenda kuwahi gari la Nyamisati.