Piga na Tiga

Siku yangu ya kwanza kufika Kebirigo kwa wakwe nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa breki. Nilijua kusonga ugali wa wimbi, nilijua kusalimia kwa Kikisii, na nilikuwa nimeapa kwamba Mzee Obwocha, baba wa mchumba wangu, atanipenda apende asipende.

Basi gari letu likaishiwa breki langoni mwao, likasimama kwa hisani ya migomba. Mzee ni fundi wa miaka mingi. Alibadilisha paipu iliyopasuka, akamtuma mchumba wangu Nyakundi mjini Keroka kununua mafuta zaidi ya breki, kisha akanitazama mimi. Ilibaki kutoa hewa iliyoingia kwenye paipu za breki, na kazi hiyo haitaki mtu mmoja.

"Ingia ndani, mama. Nikisema piga, kanyaga-kanyaga pedali ya breki. Nikisema acha, bana mguu chini, usiinue, nifungue hewa itoke."

Akajilaza chini ya gari. "Piga!" Nikapiga. "Tiga!" Nikapiga zaidi. "Tiga! Tiga!" Nikapiga kwa moyo wangu wote, jasho likinitoka, nikijiambia leo mzee atajua Akumu hachoki.

Pedali ikazama tu, maana kila nilipoinua mguu hewa ilirudi ndani. Mzee akatoka, mafuta yanamchuruzika ndevuni. "Msichana, wewe ni mbishi! Nasema tiga, unaendelea!"

Machozi yakanilenga. Niliona ndoa yangu inamwagika pale na yale mafuta. "Lakini Baba, si umesema nipige?"

"Sio piga! Tiga! Tiga ni kuacha, kwa Kiki..." Kisha akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi. "Kumbe kosa ni langu! Nikishika spana, Kiswahili kinanitoroka. Na nyinyi Wajaluo mnasemaje acha?"

"Tunasema 'we', Baba."

Akarudi chini. "Piga!" Nikapiga. "We!" Nikabana. "Piga! Piga! We! We!" Pedali ikaanza kupanda, ngumu, tamu, nami nikacheka peke yangu nyuma ya usukani.

Mama Bitutu, mkewe, akaja mbio kutoka shambani, kikapu cha majani chai mgongoni. "Baba Nyakundi! Mbona unamfokea mgeni wa watu 'we, we'?"

Sauti ikatoka uvunguni mwa gari. "Mgeni gani? Huyu ni mtoto wangu. Tunaongea lugha yetu."